Methotreksati kwa baridi yabisi: maswali na majibu

Diklofenaki inanituliza. Ya nini dawa nyingine?

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu na uvimbe, basi. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa kiungo, na gegedu na mfupa huweza kuendelea kulika hata siku usiyosikia maumivu. Methotreksati, ambayo mara nyingi ndiyo huanzwa, hupunguza mashambulizi yenyewe.

Inamezwaje?

Mara moja kwa wiki. Tunarudia: kwa wiki, si kutwa. Kosa baya kuliko yote hutokea hapa, maana mkono umeshazoea vidonge vya kila siku. Chagua siku, tuseme Jumatatu, uiandike kwenye pakiti. Ukiandikiwa miligramu 15 na kila kidonge ni cha miligramu 2.5, unameza vidonge 6 Jumatatu, kisha hugusi tena hadi Jumatatu nyingine. Vipo pia vidonge vya miligramu 10, kwa hiyo soma pakiti kila unapochukua dawa. Mtu akiimeza kila siku, uboho hushindwa kutengeneza damu. Akiona vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu, aende hospitali siku hiyohiyo. Na aliyegundua kosa asisubiri dalili.

Asidi ya foliki, kwa kawaida miligramu 5 kwa wiki, humezwa siku tofauti. Hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo.

Wiki ya tatu hii, sioni nafuu.

Bado mapema. Huchukua wiki 6 hadi 12. Katikati hapo daktari anaweza kukupa prednisoloni, ambayo hutuliza ndani ya siku chache, ndiyo maana wengi huing'ang'ania. Ukiitumia zaidi ya wiki chache usiikate ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Kwa nini nipimwe damu wakati sijisikii vibaya?

Ini huumia kimyakimya. Mwanzoni damu, ini na figo hupimwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, baadaye kila miezi 2 hadi 3.

Nijihadhari na nini?

Septrini. Zikikutana na methotreksati, uboho huathirika vibaya, basi mwambie daktari yeyote anayekuandikia antibiotiki kwamba unatumia methotreksati. Pombe huongeza mzigo wa ini. Methotreksati huharibu mimba: anayetaka kuzaa apange na daktari miezi kadhaa kabla. Kikohozi kikavu kikija na kuishiwa pumzi, usimeze dozi inayofuata. Nenda ukapimwe haraka.

Isipotosha?

Huongezwa salfasalazini au haidroksiklorokwini, au hupewa sindano kama adalimumabu, kila wiki 2 chini ya ngozi. Kabla ya sindano hizo lazima upimwe kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini ya B, kwa sababu zinaweza kuviamsha.