Kiboko hakitibu ADHD

Kisumu, kama kwingi nchini, mtoto asiyetulia darasani huhukumiwa haraka: mamake amemdekeza, anahitaji kiboko. Imani hii ni ya zamani na imeumiza watoto wengi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini lawama hazikukoma.

Huenda mtoto huyo ana ADHD, hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia au kuelekeza umakini. Hutokana na namna ubongo unavyokua, na hurithiwa sana katika familia. Malezi hayaileti. Daktari George Still alikuwa akiwaeleza wenzake jijini London kuhusu watoto wa namna hii tangu 1902.

Fungua daftari la mtoto kama huyo: hesabu tatu za kwanza sahihi kabisa, ya nne imeachwa katikati, pembeni kachora mashua. Mtoto huyohuyo huzama saa nzima kwenye mchezo anaoupenda, watu wakasema "kumbe akitaka anaweza". Hapo ndipo tunapokosea zaidi. Umakini anao, kinachomshinda ni kuuelekeza anapotakiwa.

Hakuna kipimo cha damu. Daktari huuliza mzazi na mwalimu, kwani dalili lazima zionekane kabla ya miaka 12, nyumbani na shuleni pia. Wengi huingia nayo utu uzimani: bili zinasahaulika, kazi haziishi.

Aliye chini ya miaka 6, tiba huanza kwa kuwafunza wazazi. Mkubwa zaidi anaweza kupewa dawa kama methilifenideti, chini ya uangalizi wa daktari. Darasani, mketishe mbele, mpe agizo moja fupi kwa wakati, na umsifu papo hapo akilimaliza.