Kichocho, Saratani na Kibofu cha Maabarani

Mtoto wa Muheza akikojoa damu kwa sababu ya kichocho hupewa dawa ya praziquantel, na mara nyingi hupona. Wanaonihangaisha mimi ni wale wanaokaa na kichocho miaka mingi bila dawa. Mnyoo jike wa kichocho hutaga mayai ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza mfululizo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ila safari ya seli kutoka uzima hadi saratani ni ngumu kuifuatilia: huwezi kumchungulia mtu kibofu kila wiki.

Ndiyo maana napigania oganoidi, yaani vijiungo vidogo vinavyokuzwa maabarani kutokana na seli. Unachukua kipande kidogo cha tishu, unatenganisha seli shina, zile zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, unazipa jeli ya kushikilia na virutubisho vinavyoziamuru zikue. Mwaka 2009 Toshiro Sato na Hans Clevers, kule Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba seli shina moja tu ya utumbo wa panya inaweza kujijenga ikawa utumbo mdogo wenye mikunjo yake.

Kwa Tanga, kazi ya kwanza ni kupambana na joto. Jeli hiyo ni maji ikiwa kwenye barafu, ikipata joto inaganda. Ncha za pipeti tunazilaza kwenye friza, sahani tunaipasha hadi nyuzi 37, kisha tone linashushwa haraka kabla halijagandia njiani. Likikaa vizuri linasimama kama kuba. Baada ya siku chache, chini ya darubini, ndani yake mnaonekana viputo vyenye ukuta wa seli na uwazi katikati.

Uwazi huo ndio mlango wetu. Norovirusi, virusi wanaowafanya watu waharishe na kutapika, walionekana kwa darubini mwaka 1972, lakini ni 2016 ndipo watafiti wa Houston walipoweza kuwakuza kwenye seli za oganoidi za utumbo wa binadamu. Aina nyingine zilidai hadi nyongo iongezwe. Mwaka 2020 timu ya Uholanzi ilidunga ndani ya uwazi huo bakteria wa E. coli wanaotoa sumu ya kolibaktini, wakarudia kwa miezi mitano, wakasoma DNA ya seli za oganoidi. Sumu ilikuwa imeacha alama yake, na alama hiyohiyo ikakutwa kwenye saratani za utumbo mpana za wagonjwa.

Jaribio la namna hiyo ndilo ninalolitaka kwa mayai ya kichocho. Halitakuwa jepesi: oganoidi haina mishipa ya damu wala seli za kinga, ilhali madhara ya kichocho yanapitia sana kwenye uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe. Seli hizo itabidi tuziongeze kwa mkono. Na tishu lazima zitoke kwa watu wa huku, wanaoishi na ugonjwa huu.

Bibi mmoja aliniuliza, “Mwanangu, humo ndani si mnafuga mtu?” Nikamjibu, “Hapana bibi, ni utando wa kibofu tu. Hauna ubongo, hausikii maumivu.” Akataka kujua kipande cha tishu kitahifadhiwa wapi na nani atakigusa. Maswali hayo sasa tunayajibu kabla ya mtu kutia saini ya kukubali kutoa tishu, na anayekataa anatibiwa vilevile.