Laptopu imekataa kutengeneza modi? Usifute kitu bado

Shule zikishafunga tu, kwenye maabara yetu ya kompyuta hapa Nairobi wanaanza kuingia vijana wa kumodi Minecraft, yaani kuandika programu ndogo za kubadilisha hiyo gemu, na karibu wote wana sentensi moja: mwalimu, hii mashine imekataa. Ukiuliza umejaribu nini unaambiwa nilifuta kila kitu nikainstoli upya, ikakataa, nikafuta tena. Hiyo tabia ndio ningependa iishe, maana kwanza inakula bando, halafu kila ukirudia kuna uwezekano unaacha Java nyingine, ile programu inayoendesha Minecraft na modi zake, ndani ya mashine, mwishowe ziko tatu nne na hakuna anayejua ni gani inafanya kazi.

Swali linalofuata ni hili, sasa mbona gemu yenyewe inacheza poa? Inacheza kwa sababu lancha ya Minecraft inakuja na Java yake, haijali ile uliyoinstoli wewe. Kutengeneza modi ni mambo mengine, hapo unahitaji JDK, ile Java yenye vifaa vya mtu anayeandika programu, na lazima iendane na toleo la gemu. 1.16.5 kurudi nyuma ni Java 8, 1.17 ilitaka 16, 1.18 hadi 1.20.4 ni 17, na 1.20.5 iliyotoka 2024 ikapanda hadi 21. Sasa wewe umefuata video ya 2020 inayosema weka Java 8 na gemu umechukua ya juzi, itakubali vipi?

Kwa hivyo kabla ya kufuta chochote fungua dirisha la amri uandike java -version, kisha javac -version. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijulikane, ama hauna JDK ama iko lakini Windows haijui imewekwa wapi. Namba ikiwa sio ile uliyotarajia angalia JAVA_HOME na PATH, mipangilio ya Windows inayoonyesha Java iko wapi. Ukishabadilisha, funga hilo dirisha ufungue jipya, la zamani bado linashikilia majibu ya zamani, na hapa watu wanapoteza mchana mzima wakidhani hawajabadilisha kitu. Kama unatumia IntelliJ, programu ya kuandikia kodi, pia ingia kwenye mipangilio ya Gradle, ile inayopakua vitu na kujenga modi yako, uone imechagua Java gani, maana iko na mahali pake pa kuchagulia na inaweza kuwa tofauti kabisa na ya dirisha la amri.

Maandishi mekundu yanayotoka Gradle ikikataa nayo usiyaogope, yasome. Tafuta mstari wa "What went wrong" na ile iko chini yake, zingine achana nazo kwanza. Ukiona "Unsupported class file major version 65", chukua hiyo 65 utoe 44, unapata 21. Inamaanisha unaendesha Java 21 na Gradle ya hiyo projekti ni ya zamani haiijui, Gradle ilianza kuendeshwa vizuri na Java 21 kutoka toleo la 8.5. Hapo dawa ni kurudi kwa Java inayotakikana na hiyo projekti. Lakini ikisema kitu kimetengenezwa na Java mpya zaidi, na yako inatambua mwisho 52, toa 44 tena: uko kwa Java 8, panda juu. Hesabu ya darasa la tatu na inamaliza ubishi mwingi.

Halafu kuna hii ya laptopu za mitumba, zile za kununua Luthuli Avenue hapa mjini. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa huwa imekufa, ukizima mashine tarehe inarudi miaka nyuma. Gradle ikienda kupakua vitu inakagua vyeti vya usalama vya tovuti, inaona cheti bado hakijaanza kutumika, inakataa na kuandika PKIX hivi na vile, na wewe unalaumu intaneti. Rekebisha tarehe kwanza ujaribu tena. Ikirudi nyuma tena kesho, mwambie fundi abadilishe hiyo betri, sio laptopu.

Intaneti yenyewe pia ina lawama zake. Kutayarisha projekti mara ya kwanza kunapakua mamia ya MB, saa zingine zaidi, na kama bando ya saa moja imekatika katikati Gradle inabaki na faili nusu na inaweza kukuambia "zip END header not found". Usiinstoli Windows upya jameni! Ingia folda ya .gradle kwenye folda yako ya mtumiaji, halafu wrapper, halafu dists, ufute folda ya hilo toleo la Gradle pekee, urudie ukiwa na bando ya kutosha. Ikishapakua kila kitu unaweza kuongeza --offline kwenye amri ya Gradle uendelee bila kuchoma data kila saa.

RAM ya 4GB utateseka, sitakudanganya. Kwenye faili ya gradle.properties ndani ya projekti kuna mstari wa -Xmx, unaosema Gradle itumie RAM hadi kiasi gani. Forge na Fabric ni mifumo miwili ya kutengenezea modi: projekti ya mfano ya Forge huja na 3G, ya Fabric 1G, kwa hivyo kwa mashine ndogo mimi ningeanza na Fabric na nifunge Chrome. Projekti nayo iweke mahali kama C:\modi, sio ndani ya OneDrive, kwa sababu inashikashika faili wakati Gradle inazitaka.

Na JDK uichukue kwa tovuti ya Adoptium moja kwa moja, sio kwa flashi ya rafiki. Juni 2023 virusi vilivyoitwa fractureiser viliingia kwenye modi zilizokuwa CurseForge na Bukkit, tovuti watu walikuwa wanaamini, vikaiba akaunti za Minecraft na Discord na vilivyohifadhiwa kwenye brauza. Kwa hivyo antivairasi ikilia ukifungua modi ya mtu usiizime ndio ifunguke, hata kama video nyingi zinashauri hivyo. Uliza kwanza, na ukiuliza utume maandishi yote ya log, sio picha ya skrini iliyopigwa na simu ikiwa imekatwa katikati.