"Ni Kilomita Tatu Tu": Dhana Potofu Kuhusu Ramani za Mlima Kenya

Kambini Shipton, usiku wa kuamkia kilele, hakosekani mtu wa kufungua ramani chini ya tochi ya kichwani. Ataweka kidole kimoja kambini na kingine kwenye Pointi Lenana, kisha aseme kwa furaha: "Kumbe ni kilomita tatu tu!" Siku ya kwanza alitoka geti la Sirimon hadi kambi ya Old Moses, kilomita 9, akipiga soga njia nzima. Hizo tatu zitamshinda nini?

Zitamshinda, na ramani aliyoishika ingemwambia kama angeiuliza. Amepima kwa kidole, mistari hakuihesabu. Geti la Sirimon liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari na Old Moses iko mita 3,300. Kwa ramani yenye mwachano wa mita 20 kati ya kontua (mstari wa kimo) moja na nyingine, hapo unavuka mistari 32 au 33, tena imetawanyika kwenye kilomita 9 za barabara ya magari. Shipton iko mita 4,200 na Lenana mita 4,985. Hiyo ni mistari 39, yote imebanwa ndani ya zile tatu. Kwenye karatasi ya skeli ya 1:50,000, kilomita 3 ni sentimita 6, kama urefu wa kidole gumba. Mistari 39 kwenye kidole gumba ni ngazi, si njia.

Wengine huenda mbele kidogo, wakapiga hesabu kwa kanuni ya Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo Shipton hadi Lenana ni chini ya saa mbili. Kwa miguu ya watu ninaowaona kila msimu ni saa tatu hadi nne. Naismith hakukosea. Alikuwa Mskoti, akaitoa kanuni yake mwaka 1892 kwa milima ya kwao, na mrefu kuliko yote huko, Ben Nevis, una mita 1,345. Yaani kilele chao kiko kama nusu ya mwinuko wa geti letu la kuingilia. Karibu na mita 5,000 kila pumzi unayovuta ina takriban nusu ya oksijeni ya pumzi ya Mombasa. Hilo hakuna kontua inayolichora. Ukihesabu mistari, ongeza mapafu yako kwenye hesabu, na ukumbuke unaanza saa tisa usiku, gizani, kwenye mawe madogo yanayorudisha nyuma nusu ya kila hatua.

"Hivi vijistari vya kahawia ni njia"

Usicheke. Niliulizwa na mtu mzima, mhasibu, kwa nini mlima mmoja una njia nyingi hivyo na zote zinazunguka bila kufika popote. Kontua inaunganisha sehemu zenye kimo kimoja, basi. Angalia sufuria ya uji inayopunguzwa bakuli baada ya bakuli: kila kimo cha uji kinaacha pete ubavuni. Pete hizo ndizo kontua. Sufuria yenye ubavu uliolala, pete zinaachana; yenye ubavu uliosimama, ukiitazama kutoka juu pete zinakaribia kulaliana.

Kabla ya kuhesabu, soma pembeni mwachano ni upi. Karatasi za zamani zina futi, na mtu aliyezoea mita huona mlima umerefuka mara tatu.

"Nikipotea nitafuata mto, utanitoa kwa watu"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ina ukweli nusu. Mto kweli unashuka, na chini kweli kuna watu. Shida ni kwamba Mlima Kenya ni kama mwavuli: mito inatoka katikati ikaenda kila upande. Maji ya Bonde la Mackinder, ambako Shipton ipo, yanaingia Liki na kuelekea Ewaso Nyiro, mto unaokwenda kufia kwenye kinamasi cha Lorian huko kaskazini kwenye ukame. Ng'ambo tu ya mgongo wa mlima, maji ya Bonde la Gorges yanaingia Nithi, yakamalizikia Tana na Bahari ya Hindi. Aliyekosea mgongo mmoja kwenye ukungu anashuka kaunti nyingine kabisa, upande ambao hakuna anayemtafuta.

Na hata ukipata mto wako, wenyewe hauogopi genge. Unaruka. Bonde la Gorges lina maporomoko ya Vivienne, na kule chini karibu na mwisho wa barabara ya Chogoria kuna ya Nithi. Kwenye ramani maporomoko unayaona hata kama hayakuandikwa jina: ni pale kontua kadhaa zinapouvuka mto zikiwa zimegusana. Chini ya hapo unangojwa na msitu wa mianzi, ambao upande wa mashariki na kusini umeshonana hasa, na nyati ambao hawana habari kwamba umepotea. Upande wa kaskazini, wa Sirimon, ni mkavu na mianzi huioni. Ndiyo maana mtu aliyepanda Sirimon mara mbili anadhani anajua misitu ya mlima wote.

Njia zenyewe zinatuonyesha waliozitengeneza walifikiri vipi. Ile ya Chogoria hukaa juu ya mgongo, ikitazama Bonde la Gorges kutoka juu, wala haishuki kulifuata. Kwa hiyo jifunze kutofautisha mgongo na bonde kabla hujajifunza kitu kingine chochote. Kontua inapouvuka mto hujikunja kama herufi V, na ncha yake hutazama juu mto unakotoka. Inapopita mgongoni hujikunja vilevile, lakini ncha inatazama chini. Ukizichanganya hizo mbili, kila unachoamua baada ya hapo ni kinyume. Mazoezi yake ni rahisi: chukua penseli ya buluu na nyingine nyekundu, pitisha buluu kwenye mabonde yote na nyekundu kwenye migongo yote. Ukimaliza, mlima unainuka kutoka kwenye karatasi.

"Simu ninayo"

Hapa kuna dhana mbili zinazopingana, na mara nyingine zinakaa kwa mtu mmoja. Ya kwanza ni kwamba mtandao ukikatika simu haijui ulipo. Si kweli. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, na juu ya mstari wa miti ambako hakuna hata kijiti kimoja cha mtandao ndiko anga liko wazi zaidi. Kinachokosekana ni picha ya ramani, ikiwa hukuipakua mapema ukiwa Nanyuki au Chogoria. Unabaki na kidoti cha buluu kwenye ukurasa mtupu.

Ya pili ni kwamba kidoti hakikosei. Acha nisimulie aibu yangu mwenyewe. Tulikuwa kwenye vidimbwi vya Hall Tarns, mita 4,300, kwenye njia ya Chogoria, ukungu umeshuka saa nane mchana kama kawaida yake. Nikataka kuwaonyesha vijana ujanja: nikasoma namba za gridi, zile za kutaja mahali ulipo kwenye ramani, kwenye simu, nikazihamishia kwenye karatasi ya zamani ya Idara ya Upimaji, nikatia nukta. Nukta ikaanguka kusini mwetu, nje ya ukingo wa genge la The Temple. Chini ya ukingo huo ni takriban mita 300 hadi Ziwa Michaelson.

Mwongozaji wetu, mzee wa Chogoria, alikuwa amechuchumaa pembeni akinywa chai.

"Mwalimu, simu inasema tuko wapi?"

"Chini kule. Bondeni."

"Basi tumeruka."

Akaichukua ramani, akaigeuza juu chini. Nikajisemea kimoyomoyo, mzee hajui kusoma ramani. Kumbe asiyejua ni mimi. Alikuwa ameketi akitazama kusini, akailaza karatasi ifanane na ardhi iliyo mbele yake. Maandishi yalipinduka, lakini kilichokuwa kulia ardhini kikawa kulia kwenye karatasi. Halafu akaweka kidole kwenye vidimbwi vya buluu vilivyochorwa, akanionyesha kwa kidevu vile tulivyokaa kando yake. "Maji haya ni ya nani?"

Kwa hiyo hapo kuna dhana ya ziada, kwamba ramani hushikwa kama gazeti. Ramani hushikwa kama ardhi ilivyo. Usione haya maandishi yakikupindukia.

Sababu ya nukta yangu kuruka niliielewa baadaye. Karatasi zetu za zamani zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu inatumia WGS84. Hiyo ni misingi miwili tofauti ya kuihesabia dunia, na kwetu Afrika Mashariki tofauti yake inafika karibu mita 300. Ukizihamisha namba za simu kama zilivyo, nukta inaangukia kusini mwa ulipo, kama milimita 6 kwenye karatasi. Ukiwa Laikipia tambarare hazina neno. Ukingoni mwa genge ni kitu kingine. Baadhi ya programu za ramani zinakuruhusu kuchagua Arc 1960. Ichague ukiwa nyumbani, wala usingoje ukungu.

Na usishtuke namba zikifanya kituko upande wa kaskazini wa mlima, ambako ikweta inapita karibu na geti la Sirimon. Kusini mwa mstari huo gridi huhesabu kuelekea milioni 10. Ukiuvuka inaanza upya kutoka sifuri. Simu haijaharibika.

Baridi ndiyo adui wa betri. Lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia, itembeze kifuani.

"Dira ni dira"

Vitabu vya kigeni hutumia kurasa nzima kueleza tofauti ya kaskazini halisi na ile ya sumaku. Kwetu tofauti hiyo ni chini ya digrii 2. Endelea na safari. Kinachosumbua ni kingine. Dira iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, sindano yake imesawazishwa kwa huko, na ukiileta ikweta inaweza kuinama upande mmoja na kukwaruza kioo. Ijaribu kabla hujalipa: ilaze bapa kiganjani uone kama sindano inazunguka huru. Jua nalo lina ujanja wake hapa: mwezi wa sita saa sita mchana liko kaskazini mwako, mwezi wa kumi na mbili liko kusini.

"Mwongozaji anaijua njia, ramani ya nini?"

Anaijua, na kwa usingizi. Ramani ni ya mazungumzo ya jioni iliyotangulia: mtu akiumwa kichwa na kutapika usiku, tunamshusha upande upi ili apoteze mwinuko upesi? Kutoka Kambi ya Mackinder (si kwenye lile bonde la Shipton, ni upande wa magharibi), mita 4,200, mgonjwa anateremshwa kwa njia ya Naro Moru hadi kambi ya Met Station, mita 3,050. Ndiyo njia fupi kuliko zote, na kwa kupanda ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu ya ufupi huohuo: mwili haupati muda wa kuzoea. Katikati yake kuna kinamasi kilichoegemea mlima, maarufu kwa kumeza viatu. Kontua zinasema hapo ni mteremko. Kuhusu tope hazina neno.

"Lenana ndiyo kilele"

Lenana ni cha tatu. Batian kina mita 5,199 na Nelion mita 5,188, na vyote viwili ni vya kamba na vyuma. Tazama ramani: kontua zinapozunguka Batian zinayeyuka kuwa mchoro wa miamba, maana hakuna nafasi tena ya mstari.

Hapo ndipo watu hunitajia wale Waitaliano. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita walitoroka kambi ya Nanyuki ili wakapande mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge. Mchoro wa mlima waliokuwa nao, mmojawapo, ulitoka kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. "Si waliweza bila ramani?" Wawili kati yao walijaribu Batian wakashindwa, wakafika Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kujisalimisha kambini njaa ikiwa imewamaliza. Nawavulia kofia. Ila sijui kwa nini mtu asome kisa hicho akahitimisha kwamba mkebe unatosha.

"Ramani ikishachorwa imechorwa"

Miamba ndiyo, inavumilia. Barafu haivumilii. Karatasi za zamani zinaonyesha barafu ya Lewis ikiwa imetanda pana chini ya Lenana. Tangu 1934 hadi 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Aliyeshika karatasi ya zamani akitafuta barafu aivuke, atakuta mwamba mtupu na dimbwi. Kwenye nakala yangu nina desturi ya kuchora kwa penseli ukingo wa barafu kila ninapofika kibanda cha Austrian Hut, chini ya Lenana, na kuandika mwaka kando yake. Mstari wangu wa kwanza, ambao siku ile niliuchora nikiwa nimesimama kwenye theluji, mara ya mwisho nilikaa juu yake kufungua mkate.