Mtafutie mzee nyimbo za ujana wake

Wimbo unaomrudisha mtu nyuma si lazima uwe ule anaoupenda. Unaweza ukawa unamkera kabisa, lakini ukipigwa kwenye spika ya duka pale Mwanjelwa, Mbeya, anajikuta anamkumbuka mtu ambaye hajamuwaza kwa miaka mingi. Nguvu hiyo ya wimbo inaweza kumsaidia hata mzee mwenye ugonjwa wa kusahau.

Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi huunganisha vitu vilivyotokea pamoja: mahali, watu, harufu, sauti. Jirani yake, amigdala, hushughulika na hisia, na tukio lenye hisia kali hushika zaidi. Ndiyo maana wimbo uliovuma wakati uko bweni, uko JKT Mafinga au unachumbia, kisha ukapotea redioni, hubaki umebeba kipindi kile peke yake. Pambio linaloimbwa kila ibada halina nguvu hiyo. Limeshashikana na Jumapili nyingi mno kiasi kwamba halirudishi hata moja.

Mwaka 2009, Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo za utoto na ujana wao. Wimbo ulipoamsha kumbukumbu, eneo la mbele, nyuma ya paji la uso, lilifanya kazi zaidi. Kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, eneo hilo huchelewa kuharibika. Kwa hiyo bibi aliyesahau jina la mwanawe anaweza kuimba beti zote za wimbo wa Kinyakyusa. Wapo watakaosema anajifanya. Hajifanyi.

Kumbukumbu zinazoshika sana hutokana na umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Piga hesabu. Babu aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na miaka 20 ujenzi wa TAZARA ulipoanza, hivyo nyimbo zake ni za kati ya 1960 na 1980: muziki wa dansi uliokuwa ukirushwa na Radio Tanzania, nyimbo za mchakamchaka, tenzi za Wamoraviani au Walutheri, na ngoma za kwao. Hizo za Kihehe, Kibena, Kikinga au Kinyakyusa zisiachwe, maana wengi walizijua kabla ya Kiswahili cha shuleni. Ukiwa hujui pa kuanzia, waulize wadogo zake au wenzake wa kwaya. Kumwekea bongo fleva ya mwaka huu, eti achangamke, ni kumpigia kelele tu.

Zima televisheni kwanza. Weka wimbo mmoja kwa sauti ya wastani, mtazame usoni, na usimhoji kama mwanafunzi: “Huu ni wa nani? Wa mwaka gani?” Akianza kusimulia, msikilize hata akichanganya majina. Akilia, kaa naye. Machozi peke yake si dalili mbaya. Ila akihangaika, akakunja uso au akataka kuondoka, zima. Huenda uliimbwa kwenye msiba ambao ninyi watoto hamkuambiwa.

Muziki hauzuii ugonjwa usiendelee, na dawa alizoandikiwa zisisimamishwe. Unachosaidia ni utulivu, hasa saa za kuogeshwa na jioni anapoanza kutaka “kurudi nyumbani”. Nyimbo zilizomfaa ziwekwe kwenye flashi moja na orodha aachiwe anayeshinda naye, pamoja na zile za kuepuka.