Injeksheni ya zamani haina kosa: dhana zinazoharibu magari ya spoti ya kale

Magari mengi ya spoti yaliyotoka kiwandani na injeksheni, yaani mfumo wa kuinyunyizia injini petroli kwa presha, kati ya miaka ya 1950 na 1970 leo yanatembea na kabureta. Mwenye gari alichoka, fundi hakuwa na geji ya presha, mfumo ukang'olewa na kutiwa kwenye boksi, na boksi likapotea. Anayetaka kulirudisha gari kwenye asili yake hukutana na maneno ya watu hata kabla hajapata spea. Nayajibu hapa kwa uchungu kidogo, maana nimeona yakiua vipuri ambavyo havitengenezwi tena.

“Injeksheni za kizamani zote ni moja.”

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Kila mfumo una kitu unachokipima ili ujue injini inataka petroli kiasi gani, na vitu hivyo havifanani. Bosch K-Jetronic, iliyoingia kwenye Porsche 911 mwaka 1973, inapima hewa: hewa inayovutwa na injini inainua sahani ya duara, nayo sahani inasukuma planja, kipistoni chembamba kinachofungua njia ya petroli. Haina kompyuta, na nozeli zake zinanyunyiza mfululizo muda wote injini inapowaka. D-Jetronic ya mwaka 1967, nayo ya Bosch lakini yenye kompyuta, haina habari na hewa inayopita. Inasoma presha iliyomo ndani ya manifodi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, na ile D ni herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani la presha. Lucas iliyofungwa kwenye Triumph TR5 na TR6 nayo inafuata vakyumu ya manifodi, lakini kwa vyuma vitupu. Halafu kuna pampu za kunyunyizia kama ile ya Bosch kwenye 911 S ya 1969, au Kugelfischer ya BMW 2002 tii. Hizi zinafuata mguu wako kwenye kanyagio na mizunguko ya injini, kupitia kamu iliyochongwa kwa vipimo vya injini ile ile. Ukiweka pistoni kubwa zaidi au kubadilisha kamshafti, pampu haitajua. Itaendelea kugawa petroli ya injini ya zamani.

Ukilielewa hilo, dhana ya pili inaanguka yenyewe: kwamba injini ikivuta hewa pembeni, petroli siku zote inakuwa haba. Chukua gasketi ya manifodi yenye ufa mdogo. Kwenye K-Jetronic, hewa inayoingia kwenye ule ufa haikupita kwenye sahani, kwa hiyo haikuhesabiwa. Petroli inakuwa haba kweli na injini inamisi. Kwenye D-Jetronic, ufa huo huo unapandisha presha ya manifodi, kompyuta inaongeza petroli, na injini inanguruma juu hata kama hujakanyaga mafuta. Kwenye Lucas vakyumu inashuka, kigawanya mafuta (kifaa kinachoipimia kila nozeli petroli yake) kinadhani umekanyaga, na bomba la moshi linatoa moshi mweusi. Ugonjwa mmoja unaleta dalili tatu. Fundi aliyezoea mfumo mmoja atamtibu mgonjwa asiye wake, na wala si mzembe.

Kuna kipimo kidogo ninachokipenda sana kwa K-Jetronic, na hakihitaji hata spana. Injini iwe imepata moto na inanguruma taratibu. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye injini ambayo mvuke wa oili unarudishwa kwenye njia ya hewa, kama ile ya 911, sauti inapaswa kubadilika papo hapo: injini inatetemeka, pengine inazima, kwa sababu umeipa hewa ambayo sahani haikuihesabu. Kama umefungua na haikushtuka, basi kuna mahali pengine ilikuwa tayari inavuta hewa ya wizi. Tafuta hapo kwanza, kabla hujagusa kitu kingine chochote.

“Kuna skrubu ya mchanganyiko. Izungushe mpaka injini itulie.”

Hapa ndipo vipuri vinapofia. K-Jetronic ina tundu dogo linaloingia ufunguo mrefu wa allen wa milimita 3, na robo ya mzunguko ni nyingi mno. Watu huzungusha skrubu hiyo kuficha mpira uliopasuka, kisha kuficha presha iliyoshuka, mwishowe hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi. Skrubu hiyo ni ya kumalizia kazi, tena kwa mashine ya kupima moshi.

Kinachotangulia ni geji. Inafungwa kati ya kigawanya mafuta na rigyuleta inayorekebisha petroli wakati injini inapata moto, ikiwa na valvu ya kufunga na kufungua. Valvu ikifungwa unasoma presha ya mfumo mzima, ambayo kwa kawaida iko kwenye bari 4.5 hadi 5.5. Ikifunguliwa unasoma presha ya kudhibiti: ya chini injini ikiwa baridi, kisha inapanda taratibu hadi karibu bari 3.5 rigyuleta ikipata joto. Presha hii inaikandamiza planja kutoka juu. Ikiwa ndogo, sahani inainuka kirahisi na petroli inazidi. Ikiwa kubwa, petroli inapungua. Baadaye zima pampu uangalie sindano ya geji. Ikianguka moja kwa moja hadi sifuri, umeshajua kwa nini gari linakataa kuwaka likiwa la moto: akiba ya presha haikai, na skrubu ya mchanganyiko haina msaada wowote hapo.

D-Jetronic ina mtego wake. Sensa ya presha ya manifodi ina skrubu za ndani zilizofichwa chini ya kizibo, na watu wamevichokonoa vizibo hivyo kwa bisibisi kwa zaidi ya miaka 50. Ndani mna vikopo vya chuma chembamba vinavyotanuka na kusinyaa, pamoja na kiwambo kinachopasuka kwa uzee. Funga pampu ya mkono ya vakyumu kwenye mdomo wake, vuta, kisha subiri. Sindano ya geji ya pampu hiyo ikitulia, sensa bado ina uhai. Ikishuka mbele ya macho yako, kiwambo kimetoboka, na hata ukizungusha skrubu hadi kesho hutakiziba.

“Kompyuta imekufa.”

Mara chache. Kompyuta ya D-Jetronic ni transista na rezista kwenye bodi, na nyingi zimewazika wamiliki wao. Kinachochoka ni vinavyoizunguka: viunganishi vyenye kutu ya kijani, waya wa ethi uliolegea, kontakti zilizomo ndani ya distribyuta zinazoiambia kompyuta wakati wa kufungua nozeli. Kisa ninachokutana nacho zaidi ni cha sensa ya joto. Sensa hiyo ikiwa ya baridi ina ukinzani mkubwa, na kadiri inavyopata joto ukinzani unashuka. Sasa waya wake ukikatika, kompyuta inaona ukinzani usio na mwisho, inaamini injini imeganda kwa barafu, na inamwaga petroli mpaka plagi zinalowa. Mtu ananunua kompyuta nyingine, tatizo linabaki. Kipimo cha ohmu kingemwambia kabla hajatoa hela.

Onyo moja hapa: nozeli za D-Jetronic zina ukinzani wa ohmu mbili na ushee tu, na kiwandani zilifungwa na rezista ya kupunguza mkondo. Ukizijaribu mezani kwa kuzigusisha moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 na kushikilia, unaunguza koili yake.

“Pampu ni pampu.”

D-Jetronic inafanya kazi kwa bari 2 hivi. K-Jetronic umeshaona. Lucas inataka karibu bari 7. Pampu ya kabureta haifiki hata robo ya hapo. Pampu ya asili ya Lucas ndiyo iliyoupa mfumo wote jina baya: ilikaa kwenye buti, ilipata joto, petroli ikawa mvuke, gari likazima njiani. Wengi wameweka pampu ya Bosch mahali pake, na mimi siwalaumu. Ihifadhi ile ya asili ikiwa nzima, uendeshe gari.

“Petroli ikizidi kidogo ni salama kuliko ikipungua.”

Kwa pistoni labda, kwa oili hapana. Petroli isiyochomeka inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye karta. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, inayonyunyiza petroli ndani ya silinda yenyewe, ina tabia hiyo kwa asili: ukizima moto, pampu inaendelea kusukuma mpaka injini isimame kabisa. Wenye magari hayo huchungulia oili mara kwa mara. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, badilisha oili leo.

“Kigawanya mafuta nitakifungua mwenyewe, nikisafishe.”

Usifanye hivyo. Planja ya K-Jetronic imesagwa ikaoane na silinda yake moja tu, na matundu inayoyafungua yana upana wa karibu milimita 0.2. Hata msasa uwe laini kiasi gani, ni adui hapo. Kigawanya mafuta cha Lucas kadhalika. Vipeleke kwa mwenye benchi la kupimia. Nozeli unaweza kuzipima mwenyewe: zichomoe, ziingize kila moja kwenye chupa ya kioo yenye vipimo, washa pampu na uinue sahani kwa mkono. Mnyunyizo uwe koni iliyo sawa, usiwe mstari kama wa bomba la maji. Chupa zijae karibu sawasawa, na ukiachia sahani pasidondoke hata tone. Fanya hivyo nje, mbali na cheche, mtu akiwa ameshika kizimamoto.

“Kabureta itatoa nguvu zile zile.”

TR5 na TR6 za mwanzo zilitangazwa na nguvu farasi 150. Ndugu zao waliopelekwa Marekani na kabureta walibaki chini sana, ingawa haki isemwe: kamshafti na mgandamizo navyo vilibadilishwa. Lakini ndiyo maana yenyewe. Injini ilipangwa pamoja na mfumo wake, na ukiondoa kimoja unavuruga vingine.

Mipira ya mafuta nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayochoma magari. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzuri nje huku ndani umelainika kwa petroli yenye ethanoli. Mpira wenye alama ya R7 ni wa kabureta. Kwenye D-Jetronic tafuta R9 na klipu zenye kingo laini zisizokata. Kwa K-Jetronic na Lucas, mabomba yafungwe vichwa kwa mashine, kama yalivyotoka kiwandani. Yabadilishe yote kabla hujapiga stata ya kwanza, hata lile fupi lililojificha nyuma ya tanki.