Kinachokula Mapanga ya Feni ya Moshi, na Pa Kuanzia Kukizuia

Jivu linalotua kwenye nguo zilizoanikwa Mukuru au South B, mitaa ya Nairobi iliyo jirani na viwanda, limepita mahali pengi kabla ya kufika kwenye kamba. Limetoka kwenye tanuri la boila, likapita katikati ya mabomba ya maji, likaponyoka kichujio kilichowekwa kulizuia, na kituo chake cha mwisho kabla ya kupanda dohani kilikuwa feni ya kuvuta moshi. Meneja anayepuuza malalamiko ya majirani kuhusu jivu, basi, anapuuza pia habari za feni yake mwenyewe. Kilichotua nje kilipita kwanza kwenye mapanga.

Mafundi wa boila wanaoleta maswali katika idara yetu ya uhandisi mitambo hapa Nairobi huuliza zaidi kuhusu chuma: tuchomelee nini kigumu juu ya mapanga ili yasilike? Ni swali la haki, ila linaanzia mwisho. Ugumu wa chuma ndio ulinzi wa mwisho. Kabla yake kuna vumbi lenyewe, kuna kasi, na kuna hewa inayopenya mahali isipotakiwa. Hayo matatu yasiposhughulikiwa, utachomelea kila msimu.

Umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Loiyangalani, na huko hakuna moshi wa kuvutwa. Feni hizi zinajulikana zaidi kwenye mitambo ya makaa ya mawe, kama ile ya Afrika Kusini. Hata hivyo viwanda vya sukari vya magharibi vinavyochoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme vinazo, viwanda vya majani chai vinavyochoma kuni vinazo, vya saruji Athi River vinazo, na boila nyingi za Eneo la Viwanda zinazotumia kuni au briketi zinazo pia. Ukubwa hutofautiana, ugonjwa ni mmoja.

Boila kubwa huwa na feni mbili. Moja husukuma hewa ndani ya tanuri. Nyingine huvuta moshi nje na kuhakikisha shinikizo ndani ya tanuri liko chini kidogo ya la nje, tofauti ya milimita chache tu za kimo cha maji, ili ndimi za moto zisimtokee mwendeshaji mlangoni. Ya kwanza hupata hewa safi na huzeeka kwa heshima. Ya pili hupokea kila kitu.

Na hicho kila kitu kina mchanga. Majivu ya makaa ya mawe yana chembe za kwazi, madini ya mchanga, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10; chuma cha kawaida hakifiki 5. Makapi ya miwa huja na udongo wa shambani, hasa msimu wa mvua, muwa unapopakiwa na tope lake. Maganda ya mpunga, mfano yale ya Mwea, huacha majivu yanayokaribia moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa mno ya majivu hayo ni silika, kitu kile kile kinachounda kwazi. Anayenunua maganda kwa sababu ni bei rahisi aweke gharama ya impela, yaani gurudumu linalobeba mapanga ya feni, kwenye hesabu hiyo hiyo.

Sasa kasi. Chukua impela yenye kipenyo cha mita 2 inayozunguka mara 980 kwa dakika. Ncha za mapanga yake hukimbia karibu mita 103 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Ulaji wa chuma haupandi sambamba na kasi. Hupanda kwa kipeo cha pili hadi cha tatu, wakati mwingine kupita hapo. Ukishusha kasi kwa asilimia 20, kwa kipeo cha tatu ulaji unabaki karibu nusu, na nguvu inayotumiwa na mota nayo inashuka karibu nusu. Hii ndiyo sababu napendelea sana kidhibiti cha kasi ya mota kuliko dampa. Dampa hubana njia ya moshi huku impela ikiendelea kukimbia mbio zile zile, mchana na usiku, hata boila ikiwa na mzigo mdogo. Tahadhari ni moja: kila feni ina kasi ambazo mwili wake hutetemeka ovyo, na kidhibiti kipangwe kuziruka.

Lakini huwezi kushusha kasi kama feni inavuta hewa ya bure. Shinikizo katika njia yote ya moshi hadi kwenye feni ni dogo kuliko la nje, hivyo kila tundu hunyonya. Mlango wa kusafishia usiofunga vizuri, kiungo cha kitambaa kilichochanika, bati la njia ya moshi lililotoboka kwa kutu: kote huko hewa baridi huingia, na feni inabebeshwa mzigo usio wake. Pima oksijeni mahali pawili. Ikiwa ni asilimia 6 moshi unapotoka kwenye boila na asilimia 10 unapofika kwenye feni, hesabu ni rahisi: tofauti ni 4, igawe kwa 21 (asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida) ukitoa 10. Unapata asilimia 36. Zaidi ya theluthi ya moshi uliotoka kwenye boila imeongezwa juu yake kama hewa iliyopenya njiani. Usipoziba ufa, huku viwandani, hujengi ukuta, unanunua impela.

Tundu baya kuliko yote liko chini ya saikloni, na ndilo lisilotazamwa. Saikloni huzungusha moshi ili vumbi zito litupwe pembeni na kudondoka chini kwenye pipa. Pipa likiachwa wazi kwa sababu kijana wa zamu amechoka kulifungua na kulifunga, au vali ya kutolea vumbi ikiwa imelika midomo, hewa inafyonzwa kutoka chini kwenda juu na kulirudisha vumbi lililokwisha kukamatwa. Chembe zinazorudishwa ni zile kubwa, na hizo ndizo zenye madhara. Zile laini mno hufuata mkondo wa gesi na kulikwepa panga. Kwa hiyo saikloni inaonekana nzima kabisa kwa nje, imepakwa rangi mpya, lakini haifanyi kazi. Weka kipande cha karatasi karibu na ukingo wa pipa mtambo ukiwa unafanya kazi. Kikivutwa, umepata jibu kwa gharama ya karatasi. Kwenye kichujio cha mifuko, mfuko mmoja uliopasuka unatosha kuleta balaa lile lile.

Ukaguzi wa ndani ufanywe boila ikisimama, si feni ikianza kulia. Umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia. Kisha impela ifungwe isizunguke: mvuto wa dohani peke yake unaweza kuigeuza polepole wakati mota haina umeme, na mkono wa mtu ukiwa katikati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la usalama huu, lakini kufuli hainunuliwi na sheria.

Ukishaingia na tochi, usiangalie ncha kwanza. Tazama shina la panga, pale linapokutana na sahani ya nyuma. Moshi unaingia katikati ya impela na kukunja kona kuelekea nje. Vumbi zito halikunji kona kirahisi, linajibamiza hapo. Utaona chuma kinang'aa kama kimepigwa msasa, wakati sehemu nyingine zina masizi. Mfuo wa kuchomelea ukiwa umelika pale, panga linashikiliwa na mabaki, na feni hiyo isiwashwe. Pima unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, alama zile zile kila safari, na uandike. Upande mmoja ukilika kuliko mwingine, chunguza kona ya bomba kabla ya feni. Pengine inalitupa vumbi upande huo, na vibati vya kuongoza moshi vitasaidia kuliko elektrodi ghali za kuchomelea.

Mapanga yenye uwazi ndani hutumia umeme kidogo, lakini yakitoboka hujaa vumbi na feni hupoteza usawa ghafla. Kwenye moshi mchafu mimi huchagua panga la bati moja nene.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumzie kuchomelea. Kabidi ya kromiamu, tabaka gumu linalochomelewa juu ya chuma, huvumilia, na vigae vya kauri vya alumina zaidi, ila kila kimoja kinaongeza uzito, na uzito huo shafti, beringi na mota lazima ziukubali. Kabidi hiyo hupata nyufa ndogo ikipoa, ambazo ni za kawaida. Hatari ni nyufa hizo kuingia kwenye panga lenyewe, kwa hiyo afadhali bati la kinga linaloweza kubadilishwa. Fundi achomelee kwa kupishana, panga hili kisha linalolikabili, na waya wa athi, ule unaorudisha mkondo wa umeme kwenye mashine ya kuchomelea, aubane kwenye impela yenyewe. Akiubana kwenye fremu, mkondo wa umeme utapitia beringi na kuziunguza.

Kisha impela isawazishwe. Gramu 100 zikipungua umbali wa mita 1 kutoka katikati ya shafti, kwa kasi ile ya mizunguko 980, zinavuta kwa nguvu ya takriban nyutoni 1,050, sawa na uzito wa kilo 107, upande mmoja baada ya mwingine, zaidi ya mara 16 kila sekunde. Kipimo cha kawaida cha usawazishaji kwa feni za aina hii ni G6.3 cha kiwango cha kimataifa cha ISO 21940-11. Kidai kwa maandishi. Mtikisiko ukipanda taratibu kwa wiki kadhaa, mshuku ulaji. Ukiruka ghafla baada ya kuzima na kuwasha, huenda ni tabaka la jivu lililobanduka kwenye panga moja, na dawa yake ni kusafisha mapanga yote, siyo kuongeza kipande cha chuma ili kufidia. Kipande hicho kitakuwa kosa jipya siku tabaka lililobaki litakapodondoka.